Matairi Manene ya Nusu Pumzi

Jina alilopewa na mama yake lilistaafu mapema. Mtaa mzima ulimwita Nusu Pumzi, na ukimwita kwa jina jingine alidhani unamtafuta jirani.

Alikuwa fundi baiskeli, na kiwanda chake kilikuwa ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mashine ya kusaga nafaka. Yeye aliupigilia misumari minne, akafunga turubai, akaning'iniza ringi na minyororo, akaweka beseni la maji la kutafutia matundu ya tyubu, basi, akawa mkurugenzi. Saa mbili asubuhi mashine ikianza kunguruma, unga ulitoka dirishani na kumshukia taratibu, na kufika adhuhuri nywele, kope na masharubu vilikuwa vyeupe pe, hata wateja wageni waliomzidi umri wakampa shikamoo. Aliitikia marahaba bila aibu. Ila unga huo huo ndio uliomwekea kikohozi kifuani, mwaka wa kumi na moja sasa, kikohozi cha kumwamsha mkewe kuliko kumwamsha yeye.

Jina la Nusu Pumzi lilitokana na ubishi. Mtaani pale kila mtu alijua, au alidhani anajua, kwamba baiskeli ya safari ndefu ni ile yenye gurudumu refu, inchi ishirini na nane, tairi jembamba kama kidole, limejazwa upepo mpaka ukiligonga linalia. Tena ilikuwa ni adabu: ukikuta baiskeli ya mwenzio imeegemezwa mahali, unalibonyeza tairi kwa dole gumba, na likilegea unachukua pampu unamjazia, bila kumuuliza, kama vile unavyomwondolea mtu uzi begani. Nusu Pumzi alikuwa akiwafukuza wenye adabu hiyo kwa spana.

Yeye alitaka kinyume chake. Alichukua ringi ndogo, za inchi ishirini na sita, akavalisha matairi manene, laini ubavuni, na upepo kidogo tu, ukibonyeza linabonyea kama shavu la mtoto aliyeshiba.

"Fundi, hilo siyo tairi," walimwambia wasagishaji waliokuwa wakingoja zamu. "Huo ni mto wa kulalia. Unauza na shuka?"

Aliwajibu kwa urefu, maana mteja wa mashine hana pa kukimbilia mpaka unga wake utoke. Aliwaambia ringi ndogo ukiivisha tairi nene, kimo kinarudi kulekule kwa ringi kubwa yenye tairi jembamba. Aliwapimia kwa kamba, wakaona. Aliwaambia tairi gumu likikutana na kokoto linaruka, na likiruka linambeba mpandaji na mzigo wake, na nguvu za kuwabeba juu mara elfu kumi kwa siku zinatoka mapajani mwa nani? Tairi laini linaimeza kokoto, linapita. Tatizo, alisema, ni kwamba mtu akitetemeshwa hudhani anakimbia. Na maneno hayo hakuyaokota. Miaka mitatu alikuwa akishuka mteremko wa nyuma ya mashine bila kupiga pedeli, leo na matairi haya, kesho na yale, akipigiwa mstari wa chaki pale baiskeli ilipokomea. Kwenye lami yalikuwa sawa. Kwenye changarawe, mistari ya matairi manene ilikuwa mbele kila mara, mbele kwa hatua ishirini na zaidi.

Aliyekuwa akipiga ile chaki alikuwa shemeji yake.

Huyu alikuwa mdogo wa mkewe, seremala mzuri sana, mpaka siku msumeno wa umeme ulipochukua dole gumba la mkono wake wa kulia. Watu wa mtaani hawana huruma: alipotoka hospitali tu alikuta ameshaitwa Vidole Tisa, na kwa haraka, Tisa. Karakana ya watu ikamwambia apumzike kwanza, na kupumzika huko hakukuwa na mwisho. Nusu Pumzi ndiye aliyekwenda kumchukua na godoro lake, akampa chumba cha uani, akamfundisha kuziba tyubu, akamuundia baiskeli pacha na yake, matairi ya aina moja, fremu za rangi moja. Miaka minne walikula sahani moja. Jumapili walikwenda mbali, kilomita themanini, mia, wakitaniana njia nzima kama mashemeji wanavyotaniana. Tisa alikuwa akimwambia, "Shem, siku ukifa tutakuzika na upepo kidogo, usije ukaruka kaburini." Nusu Pumzi alicheka hadi akakohoa, akakohoa hadi wakasimama.

Kitu kimoja tu Tisa hakukiweza: kupima upepo. Dole la kubonyezea hakuwa nalo, na kwa mkono wa kushoto alikuwa hapati hisia. Walikuwa na utaratibu wao basi. Tisa anapiga pampu, Nusu Pumzi anabonyeza, anasema bado, bado, basi. Kisha Tisa anakifunga kile kifuniko kidogo cha plastiki cha mdomo wa tyubu kwa meno, maana vidole vyake vilikuwa vinakidondosha. Jino lake moja la mbele lilikuwa limekatika pembeni, kwa hiyo kila kifuniko alichokifunga kilibaki na alama mbili za kuzama na mkwaruzo mmoja wa mshazari, kama muhuri wa ofisi.

Ndipo ikaja habari ya kituo cha afya. Sista mkuu, mama mmoja mfupi asiyependa hadithi, alitaka baiskeli kumi na tano za wahudumu wake, wanaopeleka dawa za maji na kurudisha chupa za vipimo kutoka vituo vidogo vya mbali, lami nusu, changarawe nusu. Duka kubwa la pale kona lilimwambia achukue magurudumu marefu membamba. Nusu Pumzi alimwambia achukue madogo manene. Sista akasema hana muda wa kusikiliza mabishano: kila upande ulete baiskeli zisizozidi mbili, ziende kituo cha mwisho na kurudi, kilomita mia moja na arobaini, kila moja na sanduku la chupa ishirini za kioo zilizojazwa maji, limefungwa kwa gundi. Atakayerudi na chupa nzima, kwa muda wa maana, ndiye atakayeziunda zote na kuzitunza.

Halafu akaongeza kwamba fundi huyo atapewa chumba cha pale getini.

Nusu Pumzi alikwenda kukiangalia chumba hicho mara nne. Kilikuwa na sakafu ya saruji, meza ndefu ya mbao, mlango wa kufuli na dirisha lililotazama bustani ya maua. Hakuna unga. Alisimama katikati akavuta pumzi, si nusu, nzima, akaiachia polepole. Hakukohoa. Nyumbani alimwambia mkewe habari hiyo ya kuvuta pumzi kana kwamba amemwona rais. Na kwa Tisa alisema, "Meza ile inatutosha wawili." Tisa akasema ni kweli, inatosha.

Siku ya majaribio waliamka mapema, wakafika uani mwa kituo saa kumi na mbili na nusu. Wapinzani wao walikuwa na mpanda baiskeli mmoja, kijana wa duka la kona, mrefu kama baiskeli yake. Nusu Pumzi alikuwa amevalisha vifuniko vipya vya kijani kwenye tyubu zote nne, kwa ajili ya sherehe tu. Alibonyeza matairi yote kwa dole gumba, akafunga vifuniko kwa mkono wake. Shavu la mtoto aliyeshiba. Kisha karani akamwita ndani kuweka sahihi.

Tisa alikuwa ameshajaza fomu yake tangu jana. Ya Nusu Pumzi ndiyo iliyobaki, na yeye shule aliiacha darasa la nne, au shule ilimwacha yeye, mpaka leo wanasingiziana. Alisoma herufi kwa herufi, midomo ikicheza, kidole kikifuata mstari, karani akitazama saa. Huko nje Tisa ameshika baiskeli zote mbili. Alipotoka alikuta masanduku yamefungwa kwenye keria na kijana mrefu ameshapanda. Sista akapunga mkono, wakaondoka.

Alihisi kitu mapema. Kwenye lami baiskeli iliteleza vizuri, labda vizuri kupita kiasi, na usukani ulikuwa ukimwambia habari za kila ufa wa barabara. Akajisemea ni moyo. Mtu mwenye chumba moyoni mwake hupanda vibaya. Kijana mrefu alikuwa ameshapotelea mbele. Tisa naye alikuwa mbele hatua hamsini, na badala ya kumngoja kama kawaida yake, aliinama akaongeza mwendo.

Kilomita ya arobaini lami iliisha. Mteremko wa kwanza wa changarawe, baiskeli ikaanza kuruka chini yake kama mbuzi. Hatua thelathini, na nyuma yake, kwenye sanduku, akasikia kioo. Mlio mdogo, kama kijiko kwenye glasi. Halafu mwingine. Akavuta breki zote mbili.

Aliweka dole gumba kwenye tairi la mbele. Jiwe. Akaenda la nyuma. Jiwe. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kona ya sanduku, tone, tone, yakichimba vishimo vidogo kwenye vumbi. Akapiga goti apunguze upepo, akashika kile kifuniko cha kijani kukifungua, na kabla hajakizungusha akaona.

Alama mbili za kuzama na mkwaruzo mmoja wa mshazari.

Alikaa chini kando ya barabara. Si kwa kuchoka. Alikigeuza kifuniko huku na huku, kama mtu anayetafuta maana nyingine ya kitu chenye maana moja. Alijaribu kumtetea: labda adabu ya mtaani ilimponyoka, labda aliona nimechelewa akataka kunisaidia. Lakini huyu ndiye aliyepiga mistari ya chaki kwa miaka mitatu. Kwa dunia nzima, watu waliojua hasa kwamba tairi hilo likijazwa namna hiyo litavunja chupa walikuwa wawili, na mmoja alikuwa amekaa kwenye vumbi. Akatazama mbele. Kwenye changarawe kulikuwa na njia ya matairi ya Tisa, pana, laini, imelala vizuri. Hakuyajaza ya kwake.

Akapunguza upepo, akakitia kifuniko kimoja mfukoni, akapanda. Zilibaki kilomita mia moja kamili, na alizipanda zote akijua. Aligongewa muhuri kituo cha mwisho, wakamwambia mwenzio kapita saa nzima iliyopita, hata maji hakunywa. Baiskeli sasa ilikwenda kama ilivyoumbwa kwenda, ikimeza kokoto bila kelele, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Laiti ingekuwa mbaya angepata pa kuegemea.

Alipoingia uani saa tisa kasoro, watu walikuwa wamezunguka meza. Kijana wa duka la kona alikuwa amefika wa kwanza, mikono ikimtetemeka bado, na chupa tisa zimevunjika. Tisa alikuwa wa pili, dakika sita tu nyuma yake, na chupa zake ishirini zilikuwa zimepangwa mezani, zinang'aa. Sista alikuwa ameinama akilibonyeza tairi nene kwa kidole chake, anabonyeza tena, kama watu wote wanavyofanya mara ya kwanza.

"Hii kaunda nani?" aliuliza.

Tisa alimwona shemeji yake akiingia getini. Alimwona vizuri.

"Mimi mwenyewe, sista," akasema. "Hata kwenye fomu nimeandika."

Karani akaichukua fomu, akasoma kwa sauti, ndiyo, ameandika. Kisha wakafungua sanduku la Nusu Pumzi. Saba zimevunjika. Mlinzi wa getini, mzee mwema asiyejua lolote, akaona amfariji. Alimshika bega akamwambia asihuzunike, siku zote si sawa, na ashukuru Mungu kwa shemeji kama huyu. "Asubuhi ulipokuwa ndani kwa karani alikupigia pampu wewe kwanza, huku na huku, hadi jasho likamtoka. Mwenyewe hata hakujijazia."

Watu wakaguna kwa kumsifu Tisa. Tisa alikuwa anakagua mnyororo wake, mnyororo usio na tatizo lolote.

Kifuniko kilikuwa mfukoni. Nusu Pumzi alikishika. Angekitoa, angesema nini? Kwamba shemeji yangu amenijazia upepo? Mtaani kwao hiyo ilikuwa sifa. Na kama angembishia juu ya fomu, sista asiyependa hadithi angeona mtu mzima aliyeshindwa, amejaa vumbi, anagombana juu ya kipande cha plastiki; pengine angewaacha wote wawili akachukua magurudumu marefu, na wahudumu kumi na tano wangetetemeshwa miaka kumi. Akakiachia.

"Matairi ya namna hiyo ni mazuri, sista," alisema. "Yachukue. Ila yasijazwe." Akageuza baiskeli yake, akaenda nyumbani kwa miguu, akiisukuma.

Mkewe alikuwa uani anaanua nguo. Hakumuuliza, maana mtu aliyepata chumba harudi na uso ule. Nusu Pumzi aliweka kifuniko cha kijani juu ya rundo la nguo zilizokauka, akamwambia kilikotoka. Maneno machache tu, kikohozi kikayamalizia.

Mama yule alikiinua akakiweka karibu na macho.

"Meno haya nimeyajua tangu yanaota," alisema. "Hili la pembeni alilivunja kwenye karai langu."

Hakupiga kelele. Aliingia chumba cha uani, akakunja godoro la mdogo wake, akakunja mashati, akaweka juu yake kikombe chake, sahani yake na msumeno wake mdogo, akavitoa vyote akavipanga mlangoni kwa nje, vizuri kabisa, kama mtu anayemwandalia mgeni. Nusu Pumzi alimwambia asifanye hivyo, ni ndugu yake. Akajibiwa kwamba ndiyo maana.

Tisa alifika jua likiwa bado lipo. Alilitazama godoro, akamtazama dada yake, dada yake akaendelea kukunja mashuka. Ndipo akageuka kwa shemeji yake aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama usoni.

"Ungenipa nini wewe, shem? Nusu ya meza?"

"Nilikwambia inatutosha."

"Yako. Ingekuwa meza yako, na mimi mtu wa kukushikia pampu mpaka nizeeke. Wewe una ukuta wako. Mimi hata ukuta sina."

Nusu Pumzi alifikiri jibu. Alikuwa nalo refu sana, la miaka minne, lenye sahani na Jumapili na mistari ya chaki ndani yake. Lakini lilipofika kooni lilikuwa limebaki dogo. "Ungeniomba tu, shem," alisema. "Ningekupa chote."

Tisa akabeba godoro.

Chumba cha getini alikipata. Baiskeli kumi na tano akazipata pia, za ringi ndogo na matairi manene, akazipanga kwenye ile sakafu ya saruji zikapendeza. Nusu Pumzi alirudi ukutani kwake, mashine ikanguruma, unga ukashuka. Wasagishaji waliokuwa wakimcheka sasa walimwambia ameona, shemeji yake kagundua kitu, matairi manene ndiyo habari ya mjini. Aliendelea kuziba tyubu. Waliopenda kumchokoza walikata tamaa, maana alikuwa hajibu tena kwa urefu.

Wiki ya tatu, mchana, kivuli kikasimama mbele ya beseni lake. Alikuwa Tisa, amekokota baiskeli moja ya kituo. Alikuwa amepungua. Akaeleza akitazama ukuta: wahudumu wanalalamika. Nyingine zinakuwa ngumu, chupa zinavunjika. Nyingine laini mno, ringi inagonga mawe, tyubu zinakatika. Sista amemwambia Jumatatu ndiyo mwisho, akishindwa atatafuta mtu wa duka la kona.

"Ni kiasi gani, shem?" alisema. "Mimi siwezi kusikia."

Mashine ikasaga. Nusu Pumzi alilitazama lile tairi. Kazi ya kulipiza ilikuwa rahisi kuliko kuziba tundu: pampu kumi za ziada, na Jumatatu chumba kingepata mtu mwingine. Aliiona picha hiyo yote, akaifurahia, akakaa nayo muda kidogo kama mtu anavyokaa na kikombe cha chai. Kisha akaona mhudumu fulani asiyemjua anashuka ule mteremko wa kilomita ya arobaini na chupa za mgonjwa fulani nyuma yake. Akasikia ule mlio wa kijiko kwenye glasi.

Akapiga goti. Akatoa upepo, akapiga pampu, akabonyeza kwa dole gumba. Bado, bado, basi. Mbele na nyuma. Hakumfundisha wala hakumwonyesha. Alipomaliza alikiokota kifuniko, na badala ya kukifunga kwa vidole vyake vinne na dole lake zima, aliinama akakitia mdomoni, akakifunga kwa meno, polepole, mpaka mwisho, macho yake yakiwa juu ya macho ya shemeji yake.

Tisa aliinama kukitazama. Alama zilikuwa pale, safari hii si zake. Rangi ikamtoka usoni. Akashika usukani, akaikokota baiskeli kupita kwenye unga, bila asante na bila kwaheri.

Kesho yake, mashine ilipoanza tu kunguruma, alileta ya pili.